Mlango wa gurudumu unaotetemeka angani: fimbo iguse mwisho

Ndege ya kujiundia yenye magurudumu yanayokunjwa, iwe Lancair 360, Glasair au Velocity RG, ina milango myembamba tumboni ambayo hangani hufunga vizuri kabisa. Ukipitisha kidole kwenye mshono wa mlango hukwami popote. Kisha ndege inapita kasi ya noti 150 (maili 150 za baharini kwa saa), sakafu inaanza kunguruma, kanyagio zinatetemeka, na rubani akipunguza kasi kelele inakwisha. Akitua, anazungusha fimbo ya kuvuta mlango nusu mzunguko ili uvutwe zaidi, kisha anaruka tena. Wakati mwingine mtetemo unapungua. Mara nyingi unahamia tu kwenye kasi nyingine.

Fimbo ni ya kuguswa mwisho. Mlango unaotetemeka ni mlango uliofunga hangani lakini haujafunga angani, na tofauti ya hali hizo mbili ni nguvu ya hewa ambayo wajenzi wengi hawajawahi kuikadiria.

Tuikadirie. Geji ya kasi ikisoma noti 200, shinikizo linalotokana na mwendo wa hewa ni takriban paskali 6,480, sawa na uzito wa kilo 660 kwa kila mita ya mraba. Mlango hauvutwi na shinikizo lote hilo. Tuseme tofauti kati ya ndani ya chumba cha gurudumu na nje ni asilimia 30 yake. Mlango wa sentimita 35 kwa 60 una eneo la mita ya mraba 0.21, kwa hiyo unavutwa nje kwa nguvu ya kilo 40 na ushei. Kwa noti 100 nguvu hiyo ni robo tu, kama kilo 10. Ndiyo maana mlango unaweza kutulia kabisa wakati wa kupanda na kuanza fujo ndege inapolala usawa na kuongeza mwendo.

Kabla ya mengine yote: mtetemo ukianza ghafla na kukua wenyewe bila kasi kuongezeka, punguza nguvu ya injini, inua pua taratibu, punguza kasi, nenda ukatue. Usiendelee kuuchunguza. Mlango uliolegea ukishika mdundo wake wenyewe unaweza kung'oa bawaba ndani ya sekunde chache, na kipande hicho kitapita karibu na mkia. Kwenye ndege zenye propela nyuma, kama Velocity, kitapita kwenye propela yenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba ni mlango

Rekodi sauti kwa simu iliyolazwa sakafuni, kisha ipitishe kwenye programu inayochora masafa ya sauti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hutoa mapigo 80 ya moshi kwa sekunde, na propela ya mapanga mawili hupita mara 80 vilevile; yenye mapanga matatu hupita mara 120. Ukiona kilele kwenye namba hizo, badilisha mizunguko ya injini huku ukishikilia kasi ileile kwa kushuka au kupanda kidogo. Kilele kikifuata injini, chanzo ni propela au ekzosi. Ekzosi inayotoa moshi mbele tu ya mlango wa gurudumu la pua huupiga mlango huo kama ngoma, na dawa yake ni kurefusha bomba au kulielekeza kando, wala si kukaza mlango. Kilele kikifuata kasi ya hewa na kuipuuza injini, rudi kwenye mlango.

Kuna cha tatu kinachosahaulika. Tairi la 5.00-5 lina kipenyo cha sentimita 36 hivi; ndege ikiachana na ardhi kwa noti 65, tairi linazunguka karibu mara 30 kwa sekunde. Gurudumu lisilosawazishwa uzito likikunjwa likiwa bado linazunguka litatikisa chumba chake chote, kisha mtetemo utafifia wenyewe. Kwa magurudumu makuu, kanyaga breki kidogo kabla ya kuyainua. La pua halina breki, kwa hiyo wekea kipande cha mpira mgumu ndani ya chumba ambacho tairi litajisugua nacho likifika juu.

Baada ya hapo weka kamera ndogo na taa ndani ya chumba cha gurudumu, ikitazama kona ya mlango iliyo mbali zaidi na fimbo. Huhitaji kupima chochote kwenye picha: ukiona mwanga wa mchana ukichungulia kwenye ukingo, umejua kona gani inafunguka na kwa kasi gani. Asiyekuwa na kamera aweke madonge madogo ya udongo laini wa kuchezea watoto kati ya mlango na mdomo wa chumba unapofungia. Yataonyesha mahali unapogonga, ingawa hayataonyesha ulifunguka kiasi gani.

Mizani ya springi itakuambia karibu yote

Kazi hii hufanywa ndege ikiwa juu ya jeki, mkia umefungwa uzito, magurudumu yamekunjwa, na fyuzi ya pampu ya haidroliki inayoyakunja imechomolewa. Mifumo ya haidroliki haina huruma na vidole. Asiwepo mtu mwenye mkono ndani ya chumba wakati pampu ina umeme.

Chukua kikombe cha kunyonya cha mafundi vioo, kibandike karibu na kona inayoshukiwa, kisha uvute kwa mizani ya springi ya kupimia samaki. Vuta kilo 2, pima mwanya kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), andika. Kilo 4, 6, 8, 10, kila mara pima. Rudia kwenye kona zote na katikati. Kisha chora namba hizo kwenye karatasi, nguvu upande mmoja na mwanya upande mwingine. Umbo la mstari ndilo jibu.

Mwanya ukiruka hadi milimita 2 kwa kilo 2 za kwanza, kisha ukaongezeka kwa shida sana, una ulegevu: bawaba, kichwa cha fimbo au tundu la bolti linacheza. Mwanya ukikua sawasawa na nguvu tangu mwanzo, mlango wenyewe unapinda, ni mwembamba mno. Mlango usipoachia kabisa hadi kilo 8, halafu ukafunguka kwa kasi, basi umekazwa vizuri ila mkazo ni mdogo kuliko mzigo wa hewa. Mara nyingi utakuta mchanganyiko, lakini siku zote anza na ulegevu. Kumkazia mlango unaocheza ni kuuficha ugonjwa. Kuongeza ubavu (kipande cha kuukaza mlango usipinde) kwenye mlango unaocheza ni kuufanya mzito ukiendelea kucheza.

Kwa milango ya ukubwa huu, kona isiyozidi milimita 1 kwa kilo 10 haitakusumbua. Kona inayofika milimita 3 itakusumbua hata uizungushie fimbo namna gani.

Kipimo kimoja zaidi kabla ya kushusha ndege: iache na magurudumu juu kwa saa nzima bila pampu, kisha pima upya. Lancair 320 na 360 hazina kufuli ya kushikilia magurudumu juu. Yanashikiliwa na shinikizo la haidroliki peke yake. Silinda ikivuja ndani kwa ndani, magurudumu hulegea kidogo kidogo na milango nayo. Angani dalili yake ni mtetemo unaoanza dakika kadhaa baada ya kukunja, ukaisha pampu inapowaka yenyewe, kisha ukarudi. Hapo tatizo ni sili za silinda au vali. Mlango hauna kosa.

Ulegevu

Bawaba ya piano, ile ndefu yenye pini moja, ichomoe pini na uitazame kwenye mwanga. Pini iliyolika huwa na vijingazi, sehemu nyembamba na nene zikipokezana kulingana na vikonyo vya bawaba, yaani vipete ambamo pini hupita. Usiishie kubadilisha pini tu, maana vikonyo navyo vimeliwa. Kama mjenzi aliweka bawaba ya MS20257 (MS na AN ni namba za vipuri vya kawaida vya ndege), ambayo vikonyo vyake ni bati lililokunjwa, hii ndiyo nafasi ya kuhamia MS20001, ambayo imetolewa ikiwa kipande kizima na haifunguki kwa mzigo. Ncha za pini zifungwe kwa waya wa usalama. Pini inayotambaa na kutoka nje huanza kama mtetemo mdogo. Anayetua kwenye viwanja vya murram ajue kwamba vumbi na mafuta ya grisi vikichanganyika ni msasa kamili, kwa hiyo bawaba hizo zipakwe kilainishi kikavu.

Vichwa vya fimbo vyenye gololi vijaribiwe kwa kushika fimbo na kuisukuma na kuivuta katika mstari wake. Chochote unachokisikia kwa vidole ni kingi mno, kibadilishe. Unaporudisha, weka washa pana ya AN970 upande wa nje wa kila kichwa, ili gololi ikichomoka fimbo ibaki kwenye bolti yake. Tundu la bolti ya AN3 lililokuwa yai kwenye mkono wa kuinua mlango lisizibwe kwa epoksi. Litanuliwe kwa rima, kekee ya kupanulia tundu, na kutiwa bushi ya chuma.

Kuupa mlango ubavu

Hapa ndipo pesa na muda huwa na faida kubwa, kwa sababu ugumu wa kipande hukua kwa mchemraba wa unene wake. Ubavu wa povu wenye kimo cha milimita 10 juu ya ngozi ya milimita 2 hufanya kazi ambayo matabaka kumi ya kitambaa yaliyolazwa bapa hayatafanya.

Ondoa rangi upande wa ndani kwa msasa namba 80 hadi uone faibaglasi, kisha futa kwa asetoni. Kata povu la Divinycell la milimita 10 kuwa vipande vyenye upana wa sentimita 3, kingo zake zikatwe kwa mteremko wa digrii 45 ili kitambaa kilale bila kuacha hewa. Mpangilio unaofaa ni herufi V: vipande viwili vinaanzia pale fimbo inaposhika na kuelekea kwenye kona mbili zilizo mbali. Ubavu uliolazwa sambamba na bawaba hupendeza macho lakini hausaidii kona, na kona ndiyo inayofunguka.

Bandika povu kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la viputo vya kioo. Juu yake laza matabaka mawili ya kitambaa kilichosukwa pande mbili, cha gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, nyuzi zikikaa kwa pembe ya 45 na ubavu, na kitambaa kimwagike sentimita 2.5 juu ya mlango kila upande. Malizia kwa kitambaa cha kubandua, kinachovuliwa epoksi ikishakauka. Pale fimbo inaposhika, toa povu na ujaze epoksi yenye nyuzi za pamba, la sivyo bolti italiponda povu ndani ya mizunguko michache ya kufungua na kufunga. Nyongeza yote ikipita gramu 150 kwa mlango mmoja, umemwaga epoksi kupita kiasi.

Siri iko kwenye namna ya kuukausha. Laza mlango uso wa nje ukitazama chini juu ya kitanda kinachofuata umbo lake, weka vipande vya milimita 1.5 chini ya kona mbili za mbali, na uzito wa kilo kadhaa katikati. Mlango utakauka kona zake zikiwa zimeinama kidogo kwa ndani. Ukiurudisha kwenye ndege, kona zitagusa kwanza, katikati kukibaki mwanya wa milimita 1.5, na fimbo itakapovuta katikati, kona zitabanwa kwa nguvu ya mlango wenyewe. Mkazo huo unakuwa pale hewa inapovuta.

Kwa mlango wa bati, tumia ubavu wa umbo la kofia wa alumini ya 2024-T3 wenye unene wa inchi 0.025, uliopigwa ribiti za AN470AD3 kila milimita 20 hadi 25. Mpangilio ni ule ule wa V.

Kabla ya kufunga, hakikisha ubavu mpya uko angalau milimita 12 mbali na tairi. Tairi linalozunguka hutanuka, na lililojazwa upepo uwanja wa chini hutanuka zaidi ndege ikipanda juu. Mlango unaogusana na tairi utakupa mtetemo mpya na kwa bahati mbaya zaidi utazuia gurudumu kushuka.

Sasa fimbo

Fimbo yenye uzi wa skrubu wa 10-32 husogea milimita 0.8 kwa mzunguko mmoja. Yenye uzi wa 1/4-28 husogea milimita 0.9. Zungusha nusu mzunguko kwa wakati mmoja, kunja magurudumu, pima kwa mizani. Unatafuta mkazo unaotosha, ambao kwa mlango wetu wa mfano ni kona kukaa kimya hadi kilo 10 au zaidi, kisha simama. Mara zote chungulia tundu la ukaguzi kwenye fimbo: waya mwembamba ukipenya, uzi ulioingia hautoshi na unahitaji fimbo ndefu zaidi. Nati ya kubana ya AN316 ikazwe na ipigwe mstari wa rangi.

Ukikaza kupita kiasi, dalili ni mbili. Magurudumu hayafiki mwisho wa safari yake, au mlango unatoa mlio wa kukatika unapofunga. Usiruke katika hali hiyo. Angalia pia pembe ya fimbo mlango ukiwa umefungwa. Fimbo na mkono wake vikikaribia kunyooka kuwa mstari mmoja, nguvu ndogo ya gurudumu hushikilia mlango kwa uthabiti, ila nusu mzunguko hapo huleta badiliko kubwa. Vikiwa mbali na mstari huo, mzigo wa hewa unarudi moja kwa moja kwenye silinda, na utakaza mpaka kesho bila nafuu; hamisha tundu la mkono.

Kuna wanaotia ndoano ya springi kushika kona, au sumaku. Ndoano tunaikataa moja kwa moja: chochote kinachoweza kumzuia mlango kufunguka ni kibaya kuliko mtetemo wowote. Sumaku ndogo inafaa kunyamazisha mlango mdogo unaogongagonga, lakini haiwezi kubeba kilo 40, hukusanya vumbi la chuma, na ikiwa karibu na kihisi cha dira itakudanganya mwelekeo.

Hewa inayoingia

Mlango mgumu bado utapiga kelele ikiwa chumba cha gurudumu kinajazwa upepo. Ukingo wa mbele wa mlango ukae sawa na ngozi iliyo mbele yake au umezama hadi milimita 1. Ukitokeza hata nusu milimita unachota hewa kama kijiko. Ukingo wa nyuma ni kinyume chake, ukitokeza milimita 1 haudhuru. Mpira wa kuzuia hewa wenye umbo la D bandika mbele na pembeni, na nyuma acha wazi ili hewa iliyoingia ipate pa kutokea. Watu huziba pande zote nne kwa bidii kisha wanashangaa mlango umezidi kuvutwa.

Kwa chumba cha gurudumu la pua, tafuta pia hewa inayotoka kwenye injini. Hewa ya kupoza injini ina shinikizo, na tundu la waya au bomba lisilozibwa kwenye ukuta wa injini huipeleka moja kwa moja nyuma ya mlango. Ziba kwa silikoni ya kustahimili moto.

Mtetemo unaokuja magurudumu yakiwa chini ni suala jepesi zaidi. Mlango uliofungwa kwenye mguu wa gurudumu wenyewe ukikaa nyuzi chache nje ya mwelekeo wa hewa hufanya kazi ya usukani na kupigapiga. Unyooshe kwa washa za kujazia. Mlango wa ndani unaoning'inia ukishikiliwa na springi ya gesi huanza kucheza springi hiyo ikipoteza gesi. Badilisha, na usipite kasi ya juu ya kushusha magurudumu.

Kabla ya kuruka, na hewani

Kunja na kushusha magurudumu mara kumi juu ya jeki, kisha mara tatu kwa njia ya dharura, pampu ikiwa haina umeme. Mkazo mpya wa mlango hautakiwi kumzuia mguu hata kidogo.

Hewani panda angalau mita 1,500 juu ya ardhi katika hewa tulivu. Anza chini ya kasi ya zamani ya mtetemo, ongeza noti 10 kwa wakati, kaa dakika moja kila hatua, kamera ikiwaka. Katika nusu ya hatua hizo kanyaga kanyagio la usukani wa mkia kidogo hadi kigololi cha kipimo cha kuteleza pembeni kitoke nusu, kushoto kisha kulia, kwa sababu mlango uliotulia ndege ikienda moja kwa moja huweza kufunguka hewa ikija kwa pembeni. Usivuke kikomo cha kasi cha ndege.

Mabadiliko ya mlango yakihesabiwa kuwa makubwa, nchini Marekani masharti ya kuruka ya ndege za kujiundia huirudisha ndege kwenye awamu ya kwanza ya majaribio kwa saa 5 au zaidi, na yaandikwe kwenye kitabu cha ndege. Uingereza marekebisho huidhinishwa kwanza na LAA, chama cha ndege nyepesi cha huko.

Baada ya saa 10 za kuruka fungua na uangalie mistari ya rangi kwenye nati, pini ya bawaba, na nyufa kwenye ncha za ubavu. Zile namba za mizani ziandike kwenye kitabu cha ndege pamoja na tarehe. Kwenye ukaguzi wa kila mwaka ndege itakuwa juu ya jeki kwa vyovyote, na kuvuta kona nne kwa kilo 10 ni kazi ya robo saa. Kona iliyokuwa milimita 0.8 ikisoma 1.6, bawaba imeanza kuliwa.